Roda Sita wa Amoni

Ofisi ya Uratibu wa Nia za Ndoa, Tunduma, inayo furaha kuutangazia umma kwamba foleni imefariki dunia. Aliyeiua ni Mkurugenzi wetu, Bwana Ferdinand, kwa mfumo wa kisasa unaomwezesha mwananchi kutangaza nia yake ya kuoa kwa simu. Mimi ni Afisa Habari, na nilishuhudia yote.

Zamani, mchumba alianzia dirisha la kwanza, akaambiwa siyo hapa, nenda la pili. La pili wakamwambia mwenye muhuri yuko la tatu, na la tatu wakamrudisha la kwanza. Wapo waliomaliza madirisha mapenzi yakiwa yameisha. Mfumo mpya uliyafunga madirisha yote.

Mwombaji wa kwanza alikuwa Amoni, fundi wa matairi ya malori pale Chapwa. Harusi yake na Roda wa Ibaba, kule Ileje, ilikuwa Jumamosi. Mahari imepokelewa, kamati imeshagombana, na mchungaji kaapa hafungishi ndoa bila cheti chetu. Amoni akajaza fomu, akabonyeza "Tuma". Papo hapo simu yake ikafanya kile ambacho simu za Tunduma, hapa mpakani, hufanya: ikaacha minara ya Tanzania, ikashika ya Zambia, ikamkaribisha ugenini. Ukurasa ukaganda. Mtu wa Tunduma anajua dawa yake: unarifreshi, ukurasa ujifungue upya. Mfumo ukauliza, "Je, unataka kutuma tena?" Amoni, kijana mwenye adabu, akajibu ndiyo kila alipoulizwa.

Jumatano akaitwa ofisini. Alikuja na Roda.

"Bwana Amoni," alisema Mkurugenzi, "umeomba kuoa wanawake sita, na umejiandikisha Mkristo wa mke mmoja."

"Shikamoo mzee. Ni Roda yule yule. Simu ilivuka kwenda Zambia, ndiyo nikarifreshi."

"Ilivuka na pasipoti?"

"Ilivuka yenyewe, mzee."

"Na huyu uliyekuja naye ni Roda wa ngapi?"

"Roda ni mimi," alisema Roda. "Hakuna mwingine."

"Kila Roda atasema hivyo," alijibu Mkurugenzi kwa huruma.

Akatoa waraka palepale. Nia ikitumwa zaidi ya mara moja, wachumba wote waliotajwa wafike wenyewe ofisini, wajiondoe kwa hiari, abaki mmoja. Hadi hapo, mwombaji haruhusiwi kulala nyumba moja na yeyote kati yao. Ulikuwa waraka mzuri sana, niliuandika mimi.

Roda akalia. Alilia kweli, maana shangazi zake walishapanda gari kutoka Ileje, na hakuna anayewarudisha shangazi wa Kindali waliokwisha kufunga mizigo. Hata mimi iliniuma, ingawa si jukumu langu.

Goodness, mtaalamu wetu wa kompyuta, akaomba kusema. "Mkurugenzi, kosa ni la kwetu. Mfumo ukishapokea fomu unamwacha mtu palepale, kwa hiyo akirifreshi anaituma upya. Inatakiwa ukishapokea, umpeleke wenyewe ukurasa mwingine ulioandikwa 'Tumepokea, asante'. Pale hata akirifreshi mpaka Krismasi, anarifreshi asante tu."

Mkurugenzi alisimama. "Yaani tumwambie mwananchi nenda kwingine? Goodness! Usumbufu huo tumeshauzika!"

Tulipiga makofi.

Ijumaa ikawa uzinduzi. Mgeni rasmi alitoka Vwawa na msafara wake. Ili kuwaonyesha wananchi mfano, Mkurugenzi alitangaza kwamba atasajili nia ya kufunga ndoa na Mama Getruda, muuza mchele, ambaye ameishi naye hadi wakamzaa Elina bila cheti. Simu yake ikaunganishwa na skrini kubwa ukutani. Akajaza, akatuma. Zambia ikamkaribisha. Ukurasa ukaganda mbele ya wageni, na kidole chake, nacho ni cha Tunduma, kikarifreshi. Tena. Na tena. Majina ya Getruda yakajipanga ukutani kutoka juu hadi chini.

Mama Getruda alisimama mstari wa mbele. "Baba Elina, mimi ni wa ngapi hapo?"

"Ni wewe yule yule, mke wangu! Mtandao umezingua, simu imevuka mpaka!"

"Na pasipoti?" aliuliza Amoni kutoka nyuma.

Mgeni rasmi akataka kujua kama kuna mwongozo kuhusu jambo hilo. Kwa uadilifu wangu wote, niliusoma waraka kwa sauti, pamoja na kipengele cha kulala. Mgeni rasmi akaufurahia. Akaagiza Amoni na Roda wapewe cheti siku hiyo hiyo, kwani wao ni wananchi. Bali kiongozi aufuate waraka wake neno kwa neno, awe mfano. Goodness aliuweka ule ukurasa mwingine kabla pilau haijaisha. Jumamosi Roda akaolewa, na vigelegele vya shangazi vilitosha harusi sita.

Mkurugenzi nilimsindikiza kwake jioni ile ya Ijumaa. Akagonga mlango. Likafunguka dirisha la sebuleni.

"Siyo hapa," alisema Mama Getruda. "Nenda dirisha la pili."

Akazunguka hadi la jikoni. Mama Getruda alikuwa ameshafika.

"Huku tunamsubiri Getruda wa tatu, hajaripoti. Hebu rudi la kwanza."

Hivyo basi, ofisi inasikitika kuutaarifu umma kwamba foleni imefufuka. Hadi naondoka ilikuwa na mtu mmoja, ameshika koti lake mkononi, akielekea dirisha la kwanza.