Gundi Bila Uzito Ni Uji

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanza kuandika kumbukumbu zangu. Shule niliiacha darasa la tatu kwa hiari yangu. Mwalimu alikuwa ameishiwa vya kunifundisha. Vizazi vitasoma hapa.

Binti yetu wa mwisho amehitimu uuguzi. Sherehe ni Jumamosi, hapahapa nyumbani. Leo kikao cha familia. Nilivaa koti. Mama Watoto kapewa mapishi. Shemeji yangu, kaka yake Mama Watoto, yule karani mstaafu anayechana masharubu kwa kitana, kapewa hotuba. Mimi nimepewa geti.

Geti! Mimi seremala. Nusu ya mtaa huu imezaliwa juu ya mbao zangu.

Niliuliza kwa upole (Mama Watoto anasema nilifoka) baba wa mtoto ni nani, mimi au masharubu. Binti akaniambia baba usikasirike, ila kwenye harusi ya kaka ulihutubia mpaka chakula kikapoa na mpiga picha akaenda zake. Shemeji akachekea puani. Nikatangaza kwamba sitasema neno tena mpaka nipewe kazi ya mikono. Nikanyamaza kweli. Wakaendelea na kikao, nyuso zimewanawiri.

Jumanne, 5 Machi

Kunyamaza kumelipa. Binti kaja bandani kwangu na mfuko. Ndani mna unga wa dhahabu unaometameta, vijana wanauita glita. Anataka glasi za sherehe zipambwe. Kanionyesha: paka gundi chini, kwenye kitako cha glasi, nyunyiza glita, acha ikauke. Juu, mahali pa mdomo, usiguse baba. Nikiifanya vizuri, ataifikiria upya habari ya hotuba. Nikamwambia aanze kufikiria sasa hivi.

Gundi aliyoniletea ni kichupa cha watoto wa chekechea. Nimekirusha nyuma ya banda. Nina gundi yangu ya mbao.

Glasi zenyewe ni za Mama Watoto, zawadi ya harusi yetu. Tangu siku hiyo zimekaa kabatini nyuma ya kioo zikitazamwa. Mimi mwenye nyumba nanywea kikombe cha bati. Kanikabidhi moja moja, kama mtu anayemkabidhi mwewe vifaranga. Kasema ikivunjika hata moja, nitahamia bandani nikalale na randa zangu.

Jumatano, 6 Machi

Nimetumia akili. Kitako cha glasi nani anakiona? Mara kiko mezani, mara kiko kiganjani. Kitu kizuri kinawekwa machoni. Hata mlango tunauchonga nakshi juu, hatuchongi pale watu wanapofutia viatu. Kwa hiyo nimepaka mdomoni. Nimezunguka wote, nje, na ndani kidogo.

Halafu pale ndipo fundi anapojitenga na wababaishaji. Gundi bila uzito ni uji. Ukigundisha, ukandamize. Glasi zote nimezipindua midomo chini juu ya ubao, kwa juu ubao mwingine, na juu yake jiwe langu la kunolea. Nimeliweka taratibu, nimezuia pumzi.

Shemeji kapita, kauliza napika nini. Nikamwambia kalamu haijawahi kusimamisha kitanda. Kaondoka.

Alhamisi, 7 Machi

Jiwe limetoka. Ubao wa juu umetoka. Ubao wa chini umekataa.

Nimeuinua, glasi zote zikapanda nao. Nimeugeuza, zikaning'inia kama popo. Haikuanguka hata moja. Hiyo ndiyo gundi. Nilisimama nikaitazama kwa fahari, kisha nikakumbuka sherehe.

Mama Watoto akaniuliza kutoka jikoni glasi zake zinaendeleaje. Nikajibu zimeshikamana kama ndugu. Sikusema uongo.

Nimejaribu patasi. Nimejaribu uzi. Nimejaribu kuzibembeleza. Mwishowe nikauzamisha ubao mzima kwenye beseni la maji. Hata chai yangu haijapoa, gundi imelegea, glasi zimeachia zenyewe. Gundi yenye adabu hii: ikiambiwa shika inashika, ikiguswa na maji inaachia. Vibanzi vilivyobaki nimevipitishia msasa. Nimepaka upya palepale mdomoni, glita nimemwaga maradufu. Safari hii sikuweka jiwe. Roho inaniuma.

Ijumaa, 8 Machi

Glasi zinawaka. Binti yuko mbioni na mambo ya nguo. Kazitazama kwa mbali, kutoka dirishani, kasema zimependeza. Kaniahidi hotuba? Hapana. Ila kasema tutaona, na mimi tutaona ya binti yangu naijua. Mama Watoto kazihesabu, kazikuta kamili, kanipa nyama kubwa.

Hotuba iko tayari kichwani. Inaanzia kwa babu yangu. Shemeji naye yuko chumbani analihutubia kabati.

Kikombe changu cha kuwekea meno ya bandia kimechukuliwa jikoni. Nimeyalaza kwenye glasi mojawapo, na maji tele. Na yenyewe yaonje sherehe.

Jumamosi, 9 Machi

Wageni wengi walikuwa wauguzi, pamoja na msimamizi wao, mama mwenye sauti ya kufukuzia vijidudu. Glasi zilipotoka, watu wakaguna kwa kupendezwa. Nilikuwa getini lakini nilisikia. Wakamiminiwa juisi. Wakanywa.

Mwanzo ilikuwa midomo tu. Baadaye videvu. Kisha msimamizi akainua glasi yake kwenye mwanga, akauliza mbele ya halaiki hiki kinachoelea ni kitu gani. Wauguzi wote wakaweka glasi chini kwa mpigo mmoja. Kijana mmoja alishanaswa mdomo wa juu, akawa anajibu salamu kwa nyusi. Binti akanigeukia. Sijawahi kutazamwa vile, hata na wateja.

Shemeji akaona ndiyo nafasi yake ya kuokoa jahazi. Akasimama. Alishakunywa, tena akaongezewa. Masharubu yote dhahabu tupu, kama ufagio wa ikulu. Akasema ndugu waalikwa. Wakacheka. Akarudia ndugu waalikwa, kwa ukali. Wakacheka zaidi. Akakaa.

Geti nikaliacha. Sikuitwa, nilijiita. Babu nilimruka, maana niliona uso wa binti umeshuka. Nilisema moja tu: meza aliyosomea huyu, tangu hajui kuandika jina lake mpaka juzi anahitimu, niliiunga kwa mikono hii na gundi hiihii, na haijawahi kutikisika. Wote walinitazama mdomoni. Nikatabasamu, na hapo watu wakapasuka.

Binti akaja mbio, anacheka na machozi yanamtoka, akanikumbatia mbele ya msimamizi wake. Akaninong'oneza baba nakuomba, funga mdomo, meno yanawaka.

Jumapili, 10 Machi

Mama Watoto kachemsha glasi zote, kazirudisha kabatini, na ufunguo kautundika shingoni. Hazungumzi nami. Akiwa na neno, anamwambia paka, na mimi nasikia. Paka kaambiwa kwamba kuna mzee haruhusiwi kugusa kitu chochote cha kioo mpaka kiama.

Shemeji kanyoa masharubu. Uso umebaki kama yai. Nimempa pole ya dhati, kisha nikaenda bandani kucheka.

Nimekaa nikatafakari penye kosa, maana mtu mzima hujisahihisha. Nimepaona. Mara ya kwanza niliweka jiwe, na glasi hazikubanduka hata nilipozipindua. Mara ya pili sikuweka jiwe, na aibu imetupata. Jambo liko wazi.

Mwezi ujao Shemeji anamwoza binti yake. Hajaniomba msaada, nitamshtukiza. Glita imebaki tele. Na Mama Watoto kafunga kabati, lakini droo ya vijiko kaisahau, na kijiko si kioo.

Viko chini ya ubao tangu asubuhi. Mawe nimeweka mawili.