Pompa ya Lori

Jumatatu, 4 Mei 1998
Aibu. Teksi yangu imezimika tena kwenye mlima wa Gihosha. Mara ya tatu tangu Alhamisi! Ndani alikuwamo Dative, muuguzi wa kliniki moja ya mjini, ninayemrudisha kwake kila jioni kabla ya kuvrefe, saa ya amri ya kutotoka nje. Alishuka akasukuma. Muuguzi! Na nguo zake nyeupe! Moubarak akatupita. Huyu ni fundi kama mimi, garaji lake linatazamana na langu hapa Buyenzi, na teksi anayo pia. Alipunguza mwendo makusudi ili tumwone vizuri.
Dative amesema kwa upole kwamba kuvrefe ikimkuta njiani, askari hawatauliza nani fundi wake. Amenivumilia hadi Jumapili. Baada ya hapo atapanda kwa Moubarak.

Jumanne, 5 Mei
Dawa imepatikana! Nilikwenda mtaa wa Asiatique, dukani kwa Mzee Himid, nikamkuta anafungia misumari gazeti la Kifaransa la magari. Nimeliokoa. Linasema kuna mashine inayosukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu, na kuna gesi ya chupa inayozidisha moto. Nguvu mara mbili! Ila kuna onyo: hewa ikizidi, esanse, yaani petroli, nayo izidi, la sivyo pistoni zinayeyuka. Kwa hiyo pompa kubwa ya esanse kwanza, mirija minene, filta mpya, vitundu vya kabureta vipanuliwe. Mimi si mjinga. Naanza na esanse.
Mke wangu Zubeda aliuliza hiyo esanse iko wapi, mji mzima ukiitafuta kwa chupa. Zubeda hana moyo wa kisayansi.

Jumatano, 6 Mei
Nimefungua tangi. Matope, kutu, na kitu kilichowahi kuwa panya. Filta ilikuwa nyeusi kama tako la sufuria. Nimesafisha, nimetupa, nimeendelea na mambo ya maana.
Pompa nimeitoa kwenye lori bovu. Mirija ya shaba nimeitoa kwenye friji ya shemeji Saliha, iliyokufa. Saliha anadai haikufa, ilikuwa inasubiri umeme. Tumeachana vibaya.
Nikawasha. Sekunde kumi za muziki! Kisha esanse ikafoka kutoka kwenye kabureta, ikatambaa sakafuni. Chupa sita, zote ardhi imekunywa. Moubarak akavuka barabara kuuliza kama natengeneza gari au nachimba kisima.

Alhamisi, 7 Mei
Nimeweka mrija wa kurudisha esanse inayozidi kwenye tangi, na koki ya kupunguza presha. Haimwagiki hata tone. Alhamdulillah!
Sasa gesi, ambayo gazeti linasema ndiyo ile ile ya hospitali. Nilimuuliza Dative kama kliniki yao ina chupa ya ziada ya ile gesi ya kulaza wagonjwa usingizi. Alinitazama kama mtu anayenitafutia kitanda. “Apana, Papa Lubna,” akasema, akiniita kwa jina la binti yangu. Na leo kapanda gari la mtu mwingine. Si la Moubarak, nimehakikisha.

Ijumaa, 8 Mei
Baada ya swala, ushindi! Mzee Himid alikuwa na chupa ya gesi hiyo hiyo, iliyoachwa na daktari wa meno aliyehama nchi. Nimemtengenezea jenereta, akanipa.
Nilifunga milango ili Moubarak asione. Koki ya chupa ilikuwa imekwama. Niligonga kwa nyundo. Moubarak akaingia kwa mlango wa uani. “Mutu muzima unapiga chupa nyundo?” Gesi ikaanza kuvuja, fiii. Nikacheka. Naye akacheka. Tulicheka nyundo, tukacheka ukuta, tukakaa juu ya tairi tumekumbatiana. Akakiri kwamba breki zake mwenyewe zimemshinda tangu Ramadhani. Ndugu yangu huyo! Zubeda alifungua milango yote akatuburuta nje kwa kola.
Chupa tupu. Kichwa kinagonga. Moubarak amenuna upya.

Jumapili, 10 Mei
Gesi sina. Mashine ya hewa sina. Na leo ndiyo mwisho wa subira ya Dative. Alipanda akiwa ameshika viatu mkononi, tayari kwa kusukuma. Iliniuma.
Nikasema Bismillahi, nikakanyaga. Tukapanda! Gia ya tatu! Wallahi, ya tatu! Kwenye kona tukampita Moubarak. Nikampungia mikono yote miwili, Dative akashika usukani. Tulifika kwake jua bado lipo juu ya milima ya Kongo, nami nimeshamsimulia kazi yote tangu matope ya tangi. Alivaa viatu polepole, akacheka bila gesi yoyote. “Papa Lubna, kumbe shida ilikuwa uchafu wa tangi?” Nikamwambia kwa heshima kwamba ufundi ni elimu ndefu. Akasema basi, kesho saa ile ile.
Nimeimba njia nzima hadi Buyenzi.

Jumatatu, 11 Mei
Sifa zimeenea. Consolate, mwenye kinu cha mahindi mtaa wa pili, ameniita. Injini yake inasaga polepole, na foleni ya akina mama inafika barabarani. Eti yeye anadhani mkanda umelegea. Mkanda! Nilicheka kwa adabu. Nimemweleza kwamba injini ile ina njaa ya hewa, na feni ya mhunzi nimeshaiazima. Aondoe kuku uani, majirani wafunge madirisha. Kuanzia kesho saa nne asubuhi, unga utatoka kwa kasi ambayo Bujumbura haijawahi kuiona.