Makumbusho ya Sebule Ndogo

Jumatatu, 3 Juni
Mke wangu ametoa hukumu. Sebule ndogo iwe saluni ya dada yake. Kompyuta zangu tatu za zamani, redio kaseti na runinga ya kichogo viende kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Vyuma chakavu! Nikamwambia hiyo ni historia. Akasema historia haihitaji chumba chenye madirisha mawili. Tumebishana mpaka chai ikapoa. Mwisho tumekubaliana: nikipata wageni ishirini wa kutazama, wakasaini daftari kabla ya Jumamosi adhuhuri, chumba ni changu. Alitabasamu alivyosema hivyo. Hanijui huyu.

Jumanne, 4 Juni
Nimebandika tangazo: Makumbusho ya Kompyuta, vua viatu. Enzi zetu shuleni hakuna aliyeingia na viatu chumba cha kompyuta. Mwalimu alisema vumbi lingeiua mashine. Tuliingia peku, mikono tumenawa, tukafunua kitambaa taratibu. Siku nilipoandika jina langu likabaki pale kwenye kioo, nilifurahi mpaka nikaona aibu. Zikienda hizi mashine nitaumia kweli.

Mgeni mmoja. Shemeji, kaka yake mke wangu, fundi simu. Nikamwekea mchezo wa mpira, unaotoka kwenye kaseti. Kaseti ililia dakika kumi na nne ikipakia mchezo. Akauliza kama kuna paka amebanwa na mlango. Mchezo ukaja: fimbo mbili nyeupe na nukta. Akasema simu yake ya kitochi ina akili kuliko ukoo mzima. Hakusema ukoo upi. Amekataa kusaini.

Alhamisi, 6 Juni
Wageni: sifuri. Watu wanachungulia, wanaona hakuna mtu, wanaenda zao. Nimegundua siri. Watu hufuata watu. Nimeazima kwa fundi viatu pea ishirini na sita ambazo wenyewe hawajazifuata. Kesho nazipanga mlangoni, ionekane ndani kumejaa. Wakati mwingine akili yangu inanitisha.

Ijumaa, 7 Juni
Saa tatu viatu viko tayari. Saa tatu na nusu akaingia fundi bomba, kofia mkononi, akanipa pole. Nikamwomba asaini. Akasaini. Wakafuata akina mama wawili wa mtaa wa nyuma, wakakaa chini, wakaanza kulia. Ndipo nikaelewa. Viatu vyote vile mlangoni, wamedhani tumefiwa.

Nilitaka kusema ukweli. Lakini wengine walishaingia, na daftari lilishafika majina manane. Wakauliza nani ametutoka. Nikainamisha kichwa. Fundi bomba alikuwa na hakika ni mama mkwe wangu, tunayeishi naye, mpaka mama mkwe alipotoka chumbani, akaona watu wanalia, naye akaketi akalia kuliko wote.

Saa tano: majina thelathini na moja! Nikaona wakati wa maonyesho umefika, nikawasha kaseti. Ile sauti ilipoanza, kilio kikaongezeka.

Habari za msiba zilimfikia mke wangu kazini. Amekuja mbio, akidhani ni mama yake. Alipomkuta mzima alimkumbatia, hakumwachia. Kisha akanitazama mimi. Nikampa daftari.

Jumamosi, 8 Juni
Dada mtu kahamia, na viti vyake vya saluni. Kompyuta ziko banda la kuku. Mke wangu hasemi nami, anamtuma mama mkwe. Ujumbe wa asubuhi: majina hayo hayahesabiwi, watu walikuja kuzika. Ujumbe wa mchana: mnunuzi wa vyuma anakuja Jumatatu. Mama mkwe akaongeza lake, kwamba binti yake alitetemeka jana nzima. Hapo roho iliniuma. Nakiri nilikosea.

Nimekaa bandani nikatafuta kosa lenyewe, na nimelipata. Msibani watu hulia, hawaangalii vitu. Harusini ndiko watu huangalia. Nimeshaongea na mwenye spika na mwenye turubai, kesho saa nne. Kilichobaki ni kumpata bibi harusi, na mke wangu asijue.