Taa Nne Kwenye Bampa

Jumatatu, 11 Novemba

Gunvor, mke wangu, katangaza huku anamimina kahawa kwamba Jumapili ataendesha yeye kwenda kwaya. Eti juzi nilimpigia honi elgi, yule paa wetu mkubwa kama farasi, kumbe lilikuwa sanduku la barua la jirani. Kosa la kawaida. Tangu tuchumbiane usukani ni wangu, yeye kazi yake kushika chupa ya chai. Marehemu baba aliponyang'anywa ufunguo alikaa dirishani, akitaja magari ya watu kwa milio yao, mpaka akatutoka. Mimi sikubali. Macho yangu mazima. Gari ndilo halioni.

Jumanne, 12 Novemba

Evert, mwenye sanduku lile, ana taa mbili za ziada na anatembea kama aliyetuletea jua. Mimi nimenunua nne. Volvo yangu ya zamani, bampa la chuma, zitakaa. Evert kaja kuchungulia, mikono mfukoni. Kasema waya uchukuliwe kwenye taa kali, ili ukishusha taa kumpisha mwenzio, zile za ziada nazo zizime. Nikamwambia nilikuwa naunga waya yeye bado ananyonya. Kanizidi miaka miwili. Akaenda zake.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimemaliza. Vidole vimeganda. Kiwandani walifanya uvivu, nyaya zote nyuma ya taa rangi moja, kijivu. Nikachagua mmoja kwa kupapasa.

Majira haya huku kwetu kaskazini saa tisa alasiri giza limeshaingia, nikatoka kujaribu. Maajabu. Nikiwasha taa kali, njia hafifu kama siku zote. Nikishusha kumpisha mtu, kumekucha! Naona misonobari mmoja mmoja. Nadhani ndivyo taa bora zilivyo, zinamlipa mwenye adabu.

Jumamosi, 16 Novemba

Sijapata kusalimiwa hivi maishani. Kila gari ninalopishana nalo linanimulika. Dereva wa lori la magogo kapiga honi mpaka konani, nami nikampungia mkono. Watu wa huku maneno wanayabana kama senti, kumbe walingoja taa tu. Mama wa dukani kaniuliza nina ugomvi na nani. Wivu huo.

Gunvor kasikia sifa zangu, kakubali niendeshe kesho. Mara moja, kasema, nikikosea basi tena.

Jumapili, 17 Novemba

Kwaya ya jioni. Gunvor na koti lake jekundu, chupa mapajani. Mbele yetu zikatokea taa. Nikashusha zangu, kiungwana. Zile zikayumba, zikaenda mtaroni polepole, zikazama kwenye theluji.

Alikuwa Evert. Mzima, theluji mpaka masikioni. Nilijiandaa kwa matusi. Hakutukana. Kaniuliza tu, "Sixten, nimeshusha taa, wewe ukazidisha. Nimekukosea nini, ndugu yangu?" Sauti ya mtu aliyeumia.

Waya wenyewe nilikuwa nimeuunga kwenye taa za kupishana, zile za kushusha, badala ya taa kali. Siku zote hizi nimekuwa nikiwachoma watu macho, kwa adabu.

Gunvor akashuka. Akazunguka, akafungua mlango wangu, akanyoosha mkono. Nikampa ufunguo. Kiti cha abiria baridi, kipasha joto cha upande ule kilikufa zamani. Miaka yote hiyo kakaa hapo na hajalalamika. Kwaya sikuisikia.

Jumatano, 20 Novemba

Gunvor kaniendesha mjini kwa daktari wa macho. Njia nzima alishusha taa, na wenzake wakashusha. Hakuna honi, hakuna kumulikana. Nikaona kumbe salamu ya huku ndiyo hiyo, na nimeipokea miaka yote bila kuijua. Moyo ukanilainika.

Daktari kanimulika kwa kitaa kidogo kama kidole, kichwa kizima kikawa mchana. Kisha kasema mtoto wa jicho, pande zote mbili. Upasuaji mdogo, na baada ya Krismasi nitarudi barabarani. Gunvor akanibana mkono kwa nguvu. Alikuwa analia, na mimi nilikuwa karibu.

Daktari akauliza kama nina swali lolote. Nilikuwa nalo. Nikamuuliza kile kitaa chake kinauzwa wapi. Bampa bado lina nafasi katikati.