Kota Kinabalu kwa Njia ya Tororo

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimechoka hata kabla ya safari. Baba yake Juliet, mchumba wangu, amerudia kwamba binti yake ataolewa na mtu aliyeona dunia. Anamsifu Edgar, wakala wa forodha hapa Busia, aliyefika Dubai mara moja na mpaka leo hajavua kofia aliyorudi nayo. Basi nimewaaga: nakwenda Malaysia, mji wa Kota Kinabalu, kikazi. Wameniombea sana. Nikapanda boda mpaka Tororo, kwa binamu yangu Owori.

Jumatano, 5 Machi
Mji mzuri, kwa mujibu wa simu ya Owori. Bahari mbele, mlima nyuma, msitu wenye nyani wakubwa wekundu. Wachina, Wamalai, Wahindi, wote sokoni pamoja. Nimemtumia Juliet sauti: nakula samaki ufukweni. Jogoo wa Owori akawika katikati. Nikasema hata huku wapo. Mgongo unauma, nalala juu ya magunia ya mahindi.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Nilikuwa naoga nyuma ya nyumba. Akatokea mama mmoja, amepotea njia ya msibani kwa jirani. Mama yake Juliet! Kwetu mama mkwe hata mkono humpi, na mimi nimevaa sabuni tu. Akajifunika uso kwa kitenge, akakimbilia huku. Mimi kule, kwenye mihogo. Najipa moyo: aliyefunika uso hakuona.

Jumamosi, 8 Machi
Aliona. Juliet amepiga simu akilia. Nipeleke mbuzi wa kuondoa aibu, la sivyo hakuna harusi. Nikimpeleka, nimekiri nilikuwa Tororo. Nisipompeleka, Edgar anaoa. Na Juliet nampenda, hapo sitanii. Owori anasema mbuzi haulizwi pasipoti.

Jumapili, 9 Machi
Nimempeleka. Nikasimama uani, kichwa chini, nikasema yote: hakuna ndege, hakuna bahari. Mama, akiwa ndani, akatuma neno kwamba nilivyokimbia ndivyo mkwe mwenye adabu hukimbia. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Harusi ipo. Kisha akauliza, taratibu tu, binti yake atalala wapi. Nilikuwa nimechoka. Nikamwambia msingi wa nyumba yangu umeshajengwa kule Masaba. Amefurahi mno, anakuja kuuona Jumamosi. Kesho alfajiri nakwenda Masaba kutafuta mtu anayejenga, aniazime msingi.