Kirikuu ya Breki Yatafuta Mdhamini

Alhamisi, saa kumi na moja na nusu jioni, runinga ya mgahawa wa Bi Hisae ilitangaza kwamba benki moja ya mkoa imeshusha riba ya mikopo ya magari yaliyotumika hadi asilimia mbili na nusu. Mzee Amemiya, ambaye tunamwita Breki kwa sababu husimamisha gari hata akiona kunguru barabarani, aliweka chini kikombe cha chai alichokuwa akinywea divai.

“Mmesikia? Hiyo yangu.”

Shida yake tuliijua. Kirikuu yake, kile kigari cha mizigo, ilikufa mwezi wa nne. Mapichi yake huiva mwisho wa mwezi wa sita, na bila gari hayafiki kwenye banda la ushirika. Mwanawe aliyeko Tokyo alishasema: mwaka huu yasipofika, miti ikatwe, na baba arudishe leseni ya udereva. Kwa muuzaji wa kule bondeni kulikuwa na kirikuu nyeupe, mkono wa pili, yeni laki sita.

“Ilikuwemo gazetini, hao nimewapigia simu leo asubuhi,” alisema mzee Hosaka, au Kikokotoo, aliyekaa ofisi ya kodi maisha yake yote na mpaka leo hukagua bili ya supu. “Mkopo lazima uishe kabla mkopaji hajafika miaka sabini na sita. Wewe una mingapi?”

“Sabini na minane.”

“Basi ulitakiwa umalize kulipa miaka miwili kabla ya kuomba.”

“Hawana haya!” alifoka Nozawa, kinyozi mstaafu. Wembe wake aliuweka kabatini. Ulimi haukustaafu, kwa hiyo jina la Wembe limebaki. “Mtu mzima anaambiwa muda wake umepita, kama maziwa ya dukani!”

“Ubaguzi mtupu,” Bi Hisae aliunga mkono huku akigawa firigisi za kuku. Wote tulikubaliana naye.

“Muuzaji mwenyewe anakopesha,” Breki alisema. “Haulizi umri.”

“Umri wako haulizi,” Kikokotoo alisema. “Anauliza wa mdhamini: asizidi sitini na mitano. Na riba yake ni asilimia tisa na nusu.”

“Nimpate wapi? Ninaowajua wote wamo humu ndani.”

“Mwanao je?”

“Yule anayetaka nirudishe leseni? Huko si kumkabidhi fisi bucha?”

Kikokotoo hakukata tamaa. “Upo ule mpango wa kulipa kidogo kidogo. Baada ya miaka mitatu unalipa kilichobaki kwa mkupuo, au unarudisha gari. Ila lisiwe na mkwaruzo.”

Wembe alicheka mpaka divai ikampalia. “Breki huyu? Kirikuu iliyokufa ilikuwa na mbonyeo mmoja kwa kila mti wa shambani!”

“Ule mti wa mwisho ulinifuata.”

“Si ulipe taslimu tu, kaka?” Bi Hisae aliuliza.

“Akiba nimenunulia kaburi. Jiwe jeusi, zuri, linatazama mlima Fuji.”

“Kwa hiyo makao umelipa taslimu,” Wembe alisema, “usafiri wa kukufikisha ndio unaukopa.”

Breki alisubiri kicheko kiishe. “Si tuna mujin?”

Bi Hisae alipunguza sauti ya runinga. Mujin ni upatu wetu sisi watano. Kwa miaka yote haujamnunulia mtu hata baiskeli. Mfuko ukijaa tunakwenda kwenye chemchemi za maji moto, tunaoga na kula kaa. Mwaka huu ulikuwa na laki sita na ushei.

“Nipeni mfuko. Nitaurudisha kwa miaka mitatu.”

Wembe alichungulia ndani ya kikombe chake. “Kaka, hakuna anayekukatalia.”

“Ila?”

“Ila miaka mitatu ni mingi. Kwa umri wako, namaanisha.”

“Si sasa hivi mlisema benki hawana haya?”

“Benki ina watu maelfu,” Kikokotoo alisema. “Sisi tuko watano. Ukiondoka wewe, asilimia ishirini imeondoka.”

“Una mdhamini, kaka?” Bi Hisae aliuliza kwa upole.

Breki alituangalia mmoja mmoja. Ilipofika zamu yangu, nilitazama runinga.

“Haya. Nikifa kabla sijamaliza deni, kirikuu ni mali ya mujin.”

Kikokotoo alikohoa. “Inavuta kwa magurudumu yote manne?”

“Yote manne.”

“Kiyoyozi?”

“Kipo.”

“Mimi ningeichukua Jumatano, ya kwendea sokoni,” Bi Hisae alisema.

“Jumatano nakwenda kuvua samaki,” Wembe alisema. “Chukua Jumatatu.”

“Mimi bado nipo hapa, jamani,” Breki alisema.

“Tunajua, kaka, hakuna haraka.” Wembe alimmiminia divai. “Enhe, na presha yako siku hizi ikoje?”

“Daktari anasema nikiacha chumvi nitafika mia.”

Kura ilipigwa saa kumi na mbili na robo. Mikono mitano ilinyooshwa, ukiwemo wa Breki na wangu. Hakuna aliyetaja riba wala mdhamini. Bi Hisae aliingia jikoni, akarudi na bakuli kubwa la figili za chumvi ambalo hakuna aliyeliagiza, akaliweka mbele ya Breki. Wembe akalisogeza, likamkaribia zaidi.