Sahihi Kumi za Ukoka

Jumatatu, 13 Januari 2025. Mbeya.

Leo natimiza miaka thelathini na minane na miezi kumi na moja nje ya Iringa. Nilihamishiwa maktaba ya hapa kwa miezi sita. Nilikuja na begi moja na mwavuli. Mwavuli ninao bado.

Ruwaida kapiga simu asubuhi. Binti yangu, muuguzi, kazi yake Tosamaganga. Yeye kazaliwa Mbeya, kaenda kuishi Iringa. Mimi nimezaliwa Iringa, nimezeekea Mbeya. Tumepishana njiani. Anasema nina miaka sabini na mmoja, naishi peke yangu tangu mama yake afariki, chakula changu ni mkate na chai, na miradi yangu imemchosha: sungura waliochimba shimo wakahamia kwa jirani, uyoga uliokataa kuota, nyuki waliokubali kuja lakini wakakaa chumbani kwangu. Jumamosi anakuja na gari kunichukua, mimi na kitanda changu.

Nikamwambia mtu mwenye biashara hahamishwi kama kabati. Akauliza biashara gani. Nikasema kutunza ukoka wa watu majumbani. Wazo hilo lilikuwa na umri wa dakika moja. Alicheka sana. Kisha akasema haya, baba: nikiwa na wateja kumi, kwa sahihi zao, Jumamosi kabla ya adhuhuri, nabaki Mbeya. Akikosekana hata mmoja, Iringa.

Kumi tu! Mtaa wetu wa Forest una mageti yasiyo na idadi, na kwa mvua hizi majani yanarefuka huku unayatazama.

Zana: mashine ya kukata majani, ya kusukuma kwa mikono, niliyoachiwa na padri aliyerudi kwao. Inalia kama mlango wa ghala. Daftari kubwa jipya, nimelipiga mistari kumi kwa rula. Kalamu nyekundu. Na kijitabu cha zamani cha kuuza mlango kwa mlango, kilichofutwa kwenye orodha ya maktaba mwaka niliostaafu. Kanuni ya tatu ni dhahabu tupu: maelezo humchosha mteja. Sahihi kwanza, maelezo baadaye.

Jumanne, 14 Januari

Kanzu nyeupe, koti jeusi, kofia, daftari kwapani. Mteja huanza na macho.

Geti la kwanza. Mlinzi kanitazama, kalitazama daftari, kaniambia kwa masikitiko kwamba bosi ameshatoa kwa harusi tatu mwezi huu na hana tena. Akafunga. Sikumwelewa. Nimeandika: mlinzi mgonjwa.

Geti la pili, kwa Mwalimu Eveline, mstaafu mwenzangu. Uwanja wake ni udongo mtupu, umefagiliwa hadi mistari ya ufagio inaonekana kama kitambaa kilichopigwa pasi. Nikamsifia ukoka. Akaniuliza ukoka upi. Nikasema ule atakaoupanda. Akasema nyasi mlangoni ni godoro la nyoka, na yeye hajafagia miaka thelathini ili aje kuwatandikia. Lakini mgeni haondoki na koo kavu. Chai, magimbi, habari za watoto wake wote sita, mmoja mmoja, hadi wa mwisho aliyeko Tunduma. Saa nzima na nusu.

Geti la tatu, majani halisi! Marefu, mabichi. Na katikati yake, ameinama na mundu, Asukile.

Asukile ni jirani yangu wa nyuma. Ana ng'ombe mmoja wa maziwa, anampenda kuliko watu wengi. Anazunguka mtaa mzima akikata majani bure, anajaza baiskeli, na mwenye nyumba anaachiwa chupa ya maziwa juu. Bure! Na maziwa! Nikamwambia anaharibu soko. Akanyoosha mgongo akaniuliza, mzee wangu, yaani wewe unataka wakulipe ndipo uwakatie? Kisha akasema ng'ombe wake atacheka akisikia.

Matokeo ya siku: wateja sifuri, vikombe vya chai vinne, magimbi yasiyohesabika. Sikula mkate usiku. Sikuwa na nafasi.

Jumatano, 15 Januari

Mbinu mpya: maonyesho. Mteja haelewi asichokiona. Nitakata kwanza, nitabisha hodi baadaye.

Nikachagua kwa Mzee Shija, mfugaji wa Usangu aliyejenga huku ili wajukuu wasome. Upande wa nyuma wa nyumba yake kuna kipande kimezungushiwa fito, majani yamefika kiunoni. Aibu kwa mtaa. Saa kumi na mbili asubuhi nikaingia na mashine. Mashine ikagoma kwa urefu ule, nikachukua fyekeo. Saa mbili kila kitu kilikuwa chini. Safi! Unaweza kulaza mtoto.

Shija katoka na mswaki mdomoni. Kasimama. Kauchomoa mswaki. Kisha akaniuliza kwa upole, babu, hii ngitili umeifanya nini?

Ngitili! Nilisoma habari zake nikiwa maktaba, ukurasa wa kushoto, na picha. Wasukuma huzungushia uzio sehemu ya majani wakati wa mvua, hakuna mnyama wala mtu kugusa, ili ng'ombe wale kiangazi. Ndama zake wawili wangekula pale Septemba. Nilijua kila kitu kuhusu ngitili isipokuwa sura yake.

Hakunifokea. Aliniambia tu nikusanye yote, niyaanike, niyageuze jua likipanda. Nimeyageuza hadi saa saba. Asukile alipita na baiskeli, akasimama, akanitazama nikiwa na reki, akaniambia ugonile, umelalaje kwa Kinyakyusa, kama vile ndiyo kwanza naamka. Shija akanipa maziwa mgando bakuli zima. Sahihi sikumwomba. Kuna mipaka.

Jioni, mambo mapya! Geti la mwisho la mtaa, nyumba ya Bi Nusrat, mjane wa mfanyabiashara wa vitambaa. Ana ukoka wa kweli ambao mundu wa Asukile haujaufikia, marehemu aliupanda mwenyewe, umeanza kupanda kwenye ngazi. Nikafuata kijitabu neno kwa neno. Nikaketi. Nikasifia ukoka, nyumba, kahawa. Nikasema mtu kama yeye anahitaji msaada wa kudumu, si wa kupitapita. Nikamfungulia daftari, nikamwonyesha mstari wa kwanza.

Akaniuliza hii ni ya nini. Sahihi kwanza! Nikamwambia ni jambo la kheri, nitamweleza baadaye.

Akalitazama daftari. Akaitazama kanzu. Akaniuliza kama nimekuja mwenyewe, hakuna mtu aliyenileta. Nikajibu kwa fahari kwamba kazi zangu nazifanya mwenyewe. Akainamisha kichwa, akaweka sahihi nzuri sana, yenye mkia.

Mteja wa kwanza! Nikamkatia ukoka palepale. Mashine ililia vibaya lakini alikaa barazani akitazama mpaka mwisho, akaniletea visheti. Nina siku tatu na mistari tisa.

Alhamisi, 16 Januari

Kijitabu kinafanya kazi! Sina maneno. Nina maneno machache.

Nilianza tena kwa Mwalimu Eveline. Hata chai haijamiminwa, akaniuliza akitabasamu kama ni kweli Bi Nusrat amesaini. Nikamwonyesha. Akapiga kofi moja, akasema Nusrat alimdokeza jana jioni kwa simu lakini hakuamini. Akaweka sahihi bila kuulizwa mara mbili. Mwanamke asiye na jani hata moja! Pembeni akaandika: kuku wawili.

Kijitabu, kanuni ya tisa: kubali malipo ya aina yoyote. Nimekubali.

Kwa Boniface, anayelima mpunga Madibira, nilipokelewa getini kwa mikono miwili. Sahihi. Pembeni: mchele gunia moja. Gunia zima, kwa bustani ya ukubwa wa mkeka! Nikajaribu kumweleza kwamba ni mara mbili kwa mwezi. Akacheka hadi akashika geti, akasema mzee bado una nguvu, Mungu akuzidishie.

Kwa Mzee Shija niliingia kichwa chini. Akachukua kalamu mwenyewe. Maziwa, ndoo mbili. Akasema ya ngitili yamekwisha, mtu akipata jambo lake watu humsamehe.

Hadi saa kumi nina sahihi nane. Hakuna aliyeniuliza bei. Hakuna aliyeniuliza hata habari ya mashine. Huu ndio ubora wa kutowachosha watu kwa maelezo.

Kitu kimoja kimeniudhi. Asukile kanifuata njiani, kashusha mzigo wa majani, kanipa mkono. Anasema yaliyopita yamepita, yeye ndiye atakuwa mwenyekiti, na jirani hawezi kukataliwa. Mwenyekiti! Wa kampuni yenye siku tatu! Nimeona wazi njama yake. Nikamwambia nitafikiria. Akasema ndaga fijo, asante sana, kana kwamba nimemkubalia, akaondoka akipiga mluzi.

Ijumaa, 17 Januari

Msikitini baada ya swala watu walinipa mkono mmoja baada ya mwingine. Imamu kaniambia nimechelewa lakini nimefika. Sikujua kwamba Waislamu wa Mbeya wanajali ukoka kiasi hiki.

Sahihi ya tisa nimeipata palepale nje, kwa fundi cherehani, aliyeandika pembeni kwamba koti langu atanishonea yeye. Sare ya kazi. Wazo zuri.

Imebaki moja. Mageti mengine yote hayana watu, wamekwenda shamba. Nikazunguka hadi miguu ikakataa. Saa kumi na moja nikajikuta kwa Asukile, nimesimama mbele ya ng'ombe wake, nikimwomba sahihi adui. Akasaini kwa herufi kubwa, na chini yake: MWENYEKITI. Nikameza.

Kumi! Nikampigia Ruwaida. Nilitegemea atanyamaza kwa kushindwa. Badala yake akasema kwa sauti ya ajabu, baba, nimesikia mambo. Nikasema mambo yapo, na yapo kwa maandishi. Akasema anakuja hivyohivyo.

Jumamosi, 18 Januari

Naandika jioni.

Ruwaida kafika saa nne. Gari kubwa, nyuma wazi kwa ajili ya kitanda. Nikamkabidhi daftari. Kalisoma juu hadi chini. Kuku, mchele, maziwa, koti, mwenyekiti. Akaketi kwenye ngazi. Akacheka, kisha akafuta macho, kisha akacheka tena. Akaniambia, baba, hawa si wateja. Hii ni michango. Umechangisha harusi.

Harusi ya nani, nikauliza.

Yako na Bi Nusrat, akasema.

Ndipo yote yakajipanga. Mlinzi wa kwanza. Imamu. Mzee wa kanzu na daftari getini, hapa kwetu, hana jambo jingine duniani! Nimeishi hapa karibu miaka thelathini na tisa, nimechangia harusi za mtaa huu hadi sikumbuki idadi, na sikuona. Na wateja wangu walikuwa sifuri, na gari lilikuwa limeelekezwa Iringa.

Ruwaida akasema kabla ya kitanda, kuna mtu wa kuombwa radhi. Tukaenda kwa Bi Nusrat. Mapazia yake yote yalikuwa yamefuliwa, yameanikwa kwenye uzio. Sikupenda kuyaona mapazia yale.

Nikamweleza. Kila kitu, kwa mara ya kwanza, kwa mpangilio: mashine, kijitabu, sahihi kumi, Iringa. Nikamwambia ni kosa langu na nitapita geti kwa geti kulisahihisha.

Alisikiliza hadi mwisho. Akasema yeye alishangaa mwanamume kujiletea posa mwenyewe bila mshenga. Akadhani labda watu wa Iringa ndivyo walivyo. Akasema pia kwamba Jumatano, nilipokuwa nasukuma mashine ile, ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka minne mtu kumaliza kazi pale nyumbani bila kuulizia ujira wake. Kisha akamgeukia Ruwaida, si mimi. Akamwuliza, mwanangu, mkimpeleka Iringa, ukoka wangu utakatwa na nani? Na ng'ombe wa Asukile atamcheka nani?

Ruwaida akanikanyaga mguu. Kwa nguvu.

Nikasema, kama Bi Nusrat haoni vibaya, basi ile sahihi ya mstari wa kwanza. Nikaishia hapo. Kijitabu hakina kanuni ya hapo.

Akasema, Bwana Nasri, sahihi yangu mimi siifuti. Lakini mshenga utamleta. Na maelezo, kuanzia leo, utakuwa unatanguliza.

Adhuhuri ilikuwa inaadhiniwa. Ruwaida akaandika jina lake chini ya mistari yangu kumi, na pembeni: shuka mpya, na ahadi ya baba kula chakula cha kupikwa.

Jumapili, 19 Januari

Asukile kafika alfajiri na ajenda ya kikao. Ndiye mwenyekiti, na kumbe ndiye mshenga pia, hakuna aliyeniuliza. Shija ataleta ndoo tatu badala ya mbili. Nikaha ni baada ya wiki mbili, wakati ukoka utakuwa umerefuka tena vizuri.

Kabla Ruwaida hajaondoka nilimwomba apite Mlandege, huko Iringa, aitazame nyumba ya baba yangu. Ngazi kumi na moja, mlango wa bluu, dirisha la juu ambalo asubuhi ukilifungua unaliona jiwe la Gangilonga likitoka kwenye ukungu. Aniambie kama dirisha lipo. Asiponiambia, si neno. Mimi naliona.

Nimekaa na kutafakari wiki hii. Ukweli ni huu: nilitaka sahihi kumi, nimepata kumi na moja. Kijitabu hakijakosea popote. Kilichokosewa ni mahali tu, Forest wananijua mno. Mbalizi hawanijui. Kesho naenda na daftari jipya, mistari ishirini. Kanzu ileile. Sahihi kwanza. Bi Nusrat sijamweleza, nitamweleza baadaye.

Gari limeondoka saa nne, nyuma tupu. Sirudi Iringa.